Ngege wa Nasimiyu

Juzi mjukuu wangu mmoja alinipeleka Ndalu kumlilia jirani yangu wa siku nyingi, Mama Njeri, nikaomba tupite kwanza kwa boma langu. Boma lenyewe liko wapi, mwenzangu? Mahindi tu. Pa jikoni nilipajua kwa mawe mawili ya mafiga ambayo trekta imeyasukuma kando. Nikakaa juu ya moja nipumzishe mguu, na hapo hapo, na moto hakuna, nikasikia harufu ya ngege, wale samaki wa ziwani, akikaangwa.

Wewe uliyekula kwangu unaikumbuka ile jiko. Magunzi ya mahindi yakilia ndani ya moto, sufuria nyeusi tii, kuku wakifukuzwa na kurudi. Kila Agosti shule zikifungwa walikuja wote. Wa Bungoma, Brayo, Sharoni na Kevo, wa mwanangu Barasa. Wa Kitale, Feth na Linet, wa binti yangu Nekesa. Shule mimi niliacha darasa la pili, lakini majina sisahau, hata ya ng'ombe. Barasa alileta ngege kwa ndoo kutoka soko la Bungoma, kwa mama mmoja aliyeitwa Akinyi, wamefunikwa na majani ya ndizi. Watoto wakasikia ndoo imefika, wakaacha mpira.

Agosti ninayokuambia ilikuwa ya mwisho. Simu za mkono ndiyo zilikuwa zinaingia kwetu. Mwanangu Wafula alikuwa amekufa karibu na Pasaka, mke wake alikuwa ametangulia, wakaniachia Nasimiyu, msichana wa miaka tisa, shingo nyembamba, maneno machache. Na mguu wangu ulikuwa umevimba, jembe siwezi. Barasa akaamua shamba likodishwe na mimi nihamie kwake. "Mama, nafasi ni ya mtu mmoja," aliniambia kwa simu. Kwa hivyo Jumapili moja ya Agosti hiyo watu walikuwa wanakuja kula na kuamua nani atachukua mtoto.

Mimi nilitaka wamgombanie. Nikasema ngege wote atatengeneza yeye. Nilikuwa nimemfundisha kuparua magamba kutoka mkiani kwenda kichwani, kupasua tumbo kidogo kidogo ili nyongo isipasuke, kukata mbavuni mara tatu chumvi iingie. Siku hiyo aliamka kabla ya jogoo. Magamba yalimjaa kwa nywele, ukimwangalia anametameta. Nyongo hata moja haikupasuka. Akakaanga, akarudisha kwa nyanya na vitunguu, mimi nikasonga ugali wa wimbi.

Kwetu watoto wadogo hula kwa sahani ya mama yao, kwa sababu ya miiba. Mama Brayo akaita wake, Nekesa akaita wake, wakaanza kuwachambulia, nyama huku, miiba huku. Nasimiyu akabaki katikati na jagi la maji ya kunawa. Hakuna aliyemwita. Mama Njeri ndiye alisogea kwa benchi. Watu wake walitoka upande wa kati wa nchi, samaki hawajui, alikuwa amekuja na githeri yake kwa bakuli.

"Njoo hapa, mami. Githeri haina miiba." Halafu akainua macho. "Huyu mniachie mimi. Si ni ua tu iko katikati yetu?"

Barasa akacheka mpaka ugali ukamkwama. "Mama Njeri, wewe hata kunusa samaki huwezi, utalea mtoto wetu na nini? Mahindi na maharagwe?"

Wakacheka wote. Nasimiyu naye akacheka, kwa sababu wakubwa wanacheka.

"Sisi nyumba ni ndogo," mama Brayo akasema, anachambua tu. "Na huyo muone tu na shingo nyembamba hivyo, anakula sana."

Walisema mbele yake, kama ni ndama wa soko la Moi's Bridge.

Nekesa alikuwa analamba vidole. "Mama, hii umeweka nini? Hata ya hoteli yangu haifiki hapa."

"Ni mikono ya Nasimiyu," nikasema kwa nguvu, wote wasikie. Kwetu ndivyo msichana anavyotafutiwa mahali, unasifu mikono yake.

Nekesa akamwita. Akamshika mikono, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaangalia kucha.

"Ndoo nzima unaweza kuparua kabla ya saa nne?"

"Ndiyo, senge," akamjibu shangazi yake.

"Basi huyu ni wangu."

Nilipiga vigelegele, bana. Nilisimama na huo mguu nikapiga.

Baada ya Krismasi mbili nilienda Kitale, kwa hoteli ya Nekesa, kumwona. Feth na Linet walikuwa mbele wakifanya homuweki, sare safi. Nasimiyu alikuwa nyuma, amekalia mtungi wa plastiki, magamba kwa nywele. Vidole vilikuwa vimekatwakatwa na mapezi ya ngege, chumvi imeingia.

"Na shule?"

"Senge amesema kazi ikipungua, kukhu," akaniambia mimi bibi yake.

Akanitolea ngege moto, akaniwekea sahani magotini. Macho yangu yalikuwa yameanza kufifia, akaona ninapapasa. Akachuchumaa, akanichambulia na hivyo vidole, nyama huku, miiba huku, polepole, kama mama na mtoto. Alipomaliza, Nekesa akaita kutoka mbele:

"We Nasimiyu! Sahani ya mteja iko wapi?"

Akaangalia sahani. Akaniangalia. "Pole, kukhu," akasema, akaichukua. Nikamsikia mteja akisema, leo samaki hana hata mwiba.

Hoteli ilifungwa baadaye, na Nasimiyu akaenda bila kuaga. Namba yake kila siku inasema haipatikani. Kwa Barasa wakipika ngege, mimi nanyweshwa supu, ati miiba itanimaliza.

Mwishowe nikainuka kwa lile jiwe niende matanga. Mjukuu akataka tuzunguke kwa barabara. Nikamwambia hapana, tukate hapa. Ua lilianguka zamani, na kutoka jikoni kwangu hadi mlango wa Mama Njeri nilitembea hata mguu haukupata nafasi ya kuuma.