Niko Hapa Tu Dagoretti Corner

Kwa miaka mingi nilikuwa mwongo wa simu. Ukiniuliza niko wapi, nilijibu, "Niko hapa tu Dagoretti Corner, dakika tano," hata kama bado niko ofisini Westlands, kikombe cha chai mkononi, viatu nimevivulia chini ya meza. Usinihukumu mapema. Nusu ya Nairobi huwa njiani ikiwa bado inaoga. Marafiki zangu wakisikia dakika tano, huagiza chakula, wakala, wakamaliza.

Mama hakuijua lugha hiyo. Alitoka Kitui akaja kukaa nami mtaa wa Jamhuri, karibu na hiyo Corner, kwa ajili ya magoti, na kila Alhamisi alasiri nilitoka kazini kumpeleka kliniki akafanye mazoezi. Alikuwa akinipigia mara moja tu. "Uko wapi, mwanangu?" Nami nikampa jibu langu lile lile. Nilifika baada ya saa nzima, nikamkuta getini, mkoba kwapani, anatabasamu. Hakulalamika hata siku moja, nikadhani ndiyo kwanza ametoka.

Siku moja, mama akiwa bado anazunguka kupanda upande wa pili, askari wa geti alikuja dirishani mwa gari. "Madam, usikasirike. Ukisema uko Corner, shosho, mama yako, hushuka ngazi saa hiyo hiyo. Mimi humpea kiti, anakataa. Anasema akikaa, kuinuka ni shida, na hataki kukuchelewesha."

Nilikasirika, tena sana. Kwanza na askari kwa kusema, halafu na mama kwa kunyamaza. Tulipofika kwenye taa za Ngong Road, hasira ilikuwa imemjua mwenyewe: ni mimi. Niliona aibu hata kumtazama. Nampeleka magoti yakatibiwe, na anayeyaumiza ni mimi.

Alhamisi iliyofuata simu ikalia. Kinywa kilianza chenyewe, "Niko hapa tu..." Nikauma ulimi. "Mama, niko ofisini. Sijatoka. Nitafika baada ya saa moja na nusu. Kaa ndani."

"Kwani unaumwa?" akauliza.

Mazoea yana taabu. Wiki ya pili nilidanganya tena, nikampigia kabla lifti haijafika nikatubu. Wiki ya tatu nilisema kweli na kufika kama nilivyosema, na bado nikamkuta amesimama getini. Nilimfokea, Mungu anisamehe.

"Zamani tano yako ilikuwa sitini," akanijibu taratibu. "Sasa ukisema sitini, mimi nitajuaje ni ngapi?"

Niliendelea tu, Alhamisi baada ya Alhamisi. Nikisema saa moja, ni saa moja. Barabara ikiziba kwa magari, nampigia nimwambie imeziba. Kila mara nilimkuta pale pale getini, amesimama.

Juzi nilimwambia dakika arobaini. Nilipoingia, getini hakuna mtu. Niliacha mlango wa gari wazi, nikapanda ngazi mbili mbili, nikasukuma mlango wa nyumba nikijua ameanguka.

Mama alikuwa ameketi kwenye kochi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anatazama saa ya ukutani.

"Mbona unahema hivyo?" akaniuliza. "Si ulisema arobaini? Bado mbili."

Nilipiga magoti nimvalishe hicho kiatu, nikachelewa kuinuka.