Sindano Ndefu za Kemondo

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Injinia wa vyombo vya majini alinipa kisanduku chenye jozi mbili za sindano, fupi na ndefu, na kioo chenye mshale wa kusomea unyevu. Tulikuwa bandarini Bukoba, enzi za Mwingereza. "Mbao iliyolowa maji hupitisha umeme, mbao kavu huukataa," alisema. "Sindano fupi zinasoma ngozi tu. Ukiwa na shaka, pigilia ndefu."

Basi ikawa ndiyo kazi yangu: kuchoma vyombo sindano. Watu walinicheka sana, wakaniita daktari wa mitumbwi. Mimi nami sikuwa mtu wa kuchekwa nikanyamaza, kwa hiyo niligombana na nusu ya manahodha wa Bukoba kabla ya kuhamishiwa Kemondo, karibu na nyumbani.

Kemondo ndiko yalikonikuta. Dada yangu Koku alikuwa anaolewa kisiwani, na baba alikuwa amekodi mashua ya nahodha Kaijage kumpeleka bibi harusi na wasindikizaji. Mashua ilikuwa imevutwa pwani tangu juzi, na asubuhi hiyo nikaenda kuikagua. Wasindikizaji walikwishafika na ngoma zao, na mikungu ya ndizi imepangwa mchangani.

Nilichoma sindano fupi ubavuni. Kavu. Nikachoma karibu na mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kizima. Kavu mno. Mashua iliyotoka majini juzi inakaukaje hivyo? Nikanusa ubao, nikasikia moshi. Manahodha wetu walikuwa na desturi ya kuwasha majani makavu ya migomba chini ya chombo kabla ya kukiziba nyufa. Kaijage hakuficha kitu. Aliona anaitunza mashua yake. Lakini moto ule hukausha juu tu.

Nikapigilia sindano ndefu. Mshale wa kioo ukaruka hadi mwisho.

"Haiendi," nikasema.

Wapiga ngoma walishusha ngoma zao. Baba akanijia, sauti chini, na hapo nilijua amekasirika kweli. "Mwanangu, wakwe wanangoja ng'ambo. Unataka kunivua nguo mbele ya watu?"

"Tata, waitu," nikamsihi, "mbao imeoza ndani."

"Umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Nilikuwa na mshale tu. Bwana Injinia, aliyekuja siku hiyo kukagua kituo, akanitazama. "Toboa," alisema. "Lakini ukitoboa na mbao ikawa nzima, nahodha atatafuta ubao mpya, na mimi nitatafuta mkaguzi mpya."

Nikachukua keekee ya kutobolea mbao. Mwanzoni ilitoka unga mkavu, wa kahawia, wa mvule mzuri kabisa. Kaijage akacheka. Nikaendelea kuzungusha huku jasho likiniingia machoni. Halafu keekee ikazama yenyewe, na maji meusi yenye harufu ya tope yakanitiririkia mkononi.

Hakuna aliyenipongeza. Baba aliinama, akayagusa yale maji. Kila gulio mama yangu alipanda mashua ile kupeleka ndizi visiwani.

"Na mimi ndiye niliyekuwa nampakia," alisema, akaketi mchangani.

Harusi ilichelewa, wakwe wakanuna, Koku akalia hadi macho yakavimba. Kaijage hakunisalimia tena.

Nimestaafu miaka mingi sasa. Vijana wa kazi hii huniuliza kama nilipata sifa. Sifa gani? Chombo ulichokizuia hakizami, na asiyezama hana la kukushukuru. Manahodha wengi walikwenda kaburini wakiamini niliwaonea tu, na iliniuma, inaniuma bado.

Baba hakuniomba radhi hata siku moja. Ila tangu asubuhi ile, hadi uzee ulipomfungia nyumbani, hakuweka mguu katika chombo chochote Kemondo kabla ya kumuuliza nahodha, tena kwa sauti ya kusikika na kila abiria: "Mwanangu amekichoma?"