Kioo Kisichopitisha Sauti

Kaka yangu alilileta Songea gari lake la umeme likiwa juu ya lori, maana kutoka Dar mpaka kwetu hakujua angelichajia wapi. Hilo peke yake lilitosha kunichekesha wiki nzima. Mimi nina mdomo, sikatai. Nililizunguka uani kwetu Mshangano nikitafuta kasoro, na nikazipata: boneti upande mmoja imeacha nafasi ya kupitisha kidole, upande wa pili hata ukucha hauingii. Dashibodi ukiibonyeza inalia. Nikamwambia aende akamguse Mjerumani wa marehemu baba pale bandani, gari la kifahari enzi zake, viti vya ngozi na urembo wa mbao ya kweli. Ni kuukuu kuliko mimi, lakini mlango wake unausukuma kwa kidole tu na unajifunga kwa sauti moja nzito.

Kaka akasema nimebaki zama za mkaa. Akanifungia ndani ya gari lake, yeye akabaki nje anapiga makofi na kupanua mdomo. Sikusikia kitu. Vioo vya tabaka mbili hivyo, akaniambia aliponifungulia, utulivu ambao baba hakuwahi kuupata na Mjerumani wake. Nikanuna.

Kwetu gari jipya halitembei kabla halijabarikiwa. Padre ananyunyiza maji ya baraka, kisha mama anakaa kiti cha nyuma peke yake, milango imefungwa, anasali fungu moja la rozari huku wanajumuiya wakiimba nje. Hafunguliwi mpaka amalize. Alifanya hivyo kwa Mjerumani, na pikapu ya mjomba aliikalia hivyo hivyo.

Jumamosi hiyo jua lilikuwa kali. Padre alimaliza, akaondoka kuwahi ndoa. Mama akanipa mkoba wake nimshikie, akaingia, kaka akafunga mlango. Tukaimba. Baada ya muda mama akainua rozari juu, wanawake wakapiga vigelegele. Akaigongesha kwenye kioo, nikajisemea leo mama kazama kweli kwenye sala. Akabandika kiganja kwenye kioo, tukadhani anatubariki, tukaongeza sauti.

Kilichonishtua ni mdomo wake. Ulikuwa wazi, na haukuwa unasali. Mama ana pumu, dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa begani kwangu.

Nikakimbilia mlango. Vitasa vya gari lile vimezama ndani ya bodi, vinatokeza vyenyewe ukisogea na ufunguo. Safari hii havikutokeza. Kaka akabonyeza ufunguo, akabonyeza simu, wapi. Betri ndogo inayofungua milango ilikuwa imekufa, labda kwa zile siku za juu ya lori, na vitufe vya ndani vimekufa nayo. Nimeogopa nyoka, nimeogopa radi, lakini kumwona mama yangu anatafuta hewa karibu yangu hivyo na nisimfikie, hofu hiyo nilikuwa siijui.

Kaka akampigia fundi Dar. Fundi akasema kwenye mfuko wa mlango wa nyuma kuna kitambaa, chini yake kuna waya, aliye ndani auvute. Kaka akapiga kelele kwenye kioo mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mama akamtazama tu. Kaka akaonyesha kwa mikono, akivuta vuta hewani. Mama akafikiri anahimizwa asali, akaishika rozari.

Nikakimbia bandani, nikafungua buti la Mjerumani, nikatoa spana ya tairi. Kioo cha mlango nilikipiga, kikajaa nyufa na kisidondoke. Nikapiga tena, nalia. Kaka akanivuta mpaka kwenye kioo kidogo cha pembeni, nyuma kabisa, cha tabaka moja, nikakipiga, na hicho kikamwagika. Nikapitisha mkono wenye dawa, mama akaipokea, akavuta, akavuta tena. Ndipo kaka akamwambia, sasa kwa sauti ya kawaida tu, ainue kitambaa na kuvuta waya. Mlango ukafunguka.

Tulimkimbiza zahanati kwa Mjerumani. Kaka aliendesha, mimi nilikaa nyuma na mama. Nilipofunga mlango wa upande wake, kwa ile sauti nzito niliyokuwa naringia, mama alishtuka mwili mzima. Akakamata kitasa, akaufungua, akautazama, kisha akaufunga mwenyewe. Tulipopita Lizaboni pumzi ilikuwa imemrudia kidogo, akanigeukia. Hakuwa na hasira.

"Nilikuwa nawaita, mwanangu. Na nyie mkazidi kuimba."

Kitasa hakukiachia mpaka tulipofika zahanati.