Binti yangu alivyokosa kazi ya kompyuta kwa kuiogopa kama mkwe

Vijana wa humu, shikamoo zenu nimeshazipokea, hata za wale wasiosalimia.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Niliishia darasa la nne, ila uongo sijui kuuandika.

Miaka ya tisini tulikuwa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu. Binti yangu Kabula kamaliza kidato cha nne, hesabu anazipiga kichwani kabla hujamaliza kutaja.

Geita mjini mzee Pravin, muuza spea, kaleta kompyuta, anatafuta binti wa kuitumia. Wakaitwa wawili kujaribiwa: Kabula na Zaituni, aliyekulia Shinyanga mjini, dukani kwa baba yake, kwenye simu na taipureta.

Kabula akikosa, anarudi kuponda mawe ya dhahabu na mimi. Nikamsindikiza.

Chumba cha kompyuta mnavua viatu mlangoni. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Zaituni akabonyeza, kioo kikawa cheusi. Akacheka, akaiwasha tena, akaendelea. Bei za spea walizopewa kuingiza aliziweka ovyo ovyo.

Kabula kakaa mbali na meza, kainamisha uso. Kila kitufe anauliza kwanza, hiki niguse? Akiruhusiwa anagusa kwa ncha ya ukucha. Hakukosea, ila mchana uliisha hajafika popote.

Mzee Pravin amekaa sana na sisi Wasukuma. Akaniambia, "Mama Kabula, binti ana akili. Lakini mashine anaiheshimu kama baba mkwe. Mimi nataka mtu wa kuizoea."

Kwa wasiojua, kwetu mwanamke hamtazami mkwewe usoni, wala hamkaribii.

Zaituni akapata kazi.

Njiani nikamfokea Kabula, uoga huo kautoa wapi. Akajibu taratibu, "Mama, nyumbani nani aliniruhusu kugusa hata redio?"

Redio ya mume wangu ilifunikwa kitambaa, aligusa yeye tu. Mtoto akiisogelea anachapwa. Zaituni kwao alishaharibu vitu na dunia haikuisha.

Leo Kabula ana duka Buseresere, na simu waliyomnunulia wanawe bado iko kwenye boksi, anasubiri mtu wa kumwashia. Zaituni, tuliyezoeana naye tangu siku ile, ananipigia video huku anakaanga samaki.

Nyie mnaowacheka mama zenu, waulizeni kwanza utotoni waliruhusiwa kugusa nini. Mwenye yake aseme hapo chini, kwa adabu.

Jioni ile tuliporudi kutoka kwa mzee Pravin, mume wangu alikuwa machimboni. Nikavuta kitambaa, nikawaita watoto wote nikawaambia, "Kila mmoja aje aiwashe na kuizima hii redio, wasichana waanze. Ikiharibika, baba yenu ataniuliza mimi."