Maotea ya Orville Schmeidler

Orville Schmeidler alikuwa na jibu la kila jambo, na tangu ujana wake sikumbuki hata moja lililokuwa sahihi. Lakini alijibu kwa sauti kubwa, na katika magharibi ya Kansas hilo humtosha mtu kuitwa mkulima hodari.

Mwaka ule mvua ya mawe ilipukutisha ngano yake siku chache kabla ya mavuno. Punje zilizomwagika zikaota zenyewe, na kufikia Agosti shamba lilikuwa kijani tupu. Haya ndiyo maotea, na kila mtu kwetu anajua kwamba usipoyaua hulea utitiri, vidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyobeba virusi vya michirizi, ugonjwa unaoifanya ngano iwe manjano, na kupeperushwa na upepo hadi kwa jirani. Orville alijua vizuri sana. Ila maotea ni malisho ya bure, na ndama wake walikuwa wakinenepa.

Jirani mwenyewe alikuwa dada yake, Lavonne, aliyefiwa na mume majira yale ya joto. Shamba lile moja la ngano ndilo lililokuwa limembakia.

"Kaka, yalime uyaue hayo maotea. Nakuomba," alimwambia penye seng'enge.

"Una wasiwasi kama marehemu mama! Mimi nimenunua mbegu inayokinza virusi. Sipatwi na kitu."

"Wewe hupatwi. Na mimi je?"

"Si ungenunua na wewe?"

Bwana shamba naye alimwonya mbele ya wazee wa kahawa: mbegu ile hukinza kwenye baridi, ukiipanda udongo ungali na joto, kinga yake hulegea. Orville akacheka mpaka akakohoa. "Huyu kijana analima kwenye karatasi!" Akapanda mapema, joto likiwa bado kali, ili ndama wapate malisho hadi majira ya baridi.

Majira ya kuchipua, mashamba yote mawili yakawa manjano. La Lavonne halikuwa na jani zima.

"Upepo ni wa Mungu, dada," Orville alisema, bila hata haya usoni.

"Upepo ni wa Mungu. Utitiri ulikuwa wako."

Kwetu mjane havuni peke yake mwaka wa kwanza; majirani humvunia. Juni, Orville alitangulia shambani kwa Lavonne na kombaini yake, mashine ya kuvunia, kofia mpya kichwani, kwa kuwa hakukosa kamwe mahali penye watu wa kumsifu. Lavonne alikuwa ameoka mikate ya tufaha na kualika mtaa mzima. Wanaume walibaki wameegemea malori yao, wakimtazama.

Orville akakata mstari wa kwanza, akageuza, akakata wa pili. Kisha akazima mashine na kuchungulia ndani ya tangi la nafaka.

"Lavonne, humu hamna kitu. Ni makapi."

"Najua. Endelea."

"Watu wote wanatutazama!"

"Ndiyo maana nimewaita, kaka. Washa mashine."