Mbegu za Kupanda Mara ya Pili

Mwanangu, siku mvua ilipotunyang'anya mbegu, mimi nilikuwa msichana mwenye nguvu za kubeba mzigo wa mama. Ilikuwa miaka ya hamsini, kwetu Bongwe, mwisho wa kaskazi, joto lile la kukosesha watu usingizi. Yalipodondoka manyunyu ya kwanza, baba alifurahi, tukapanda mahindi shamba zima.

Wiki haikwisha. Alasiri moja mbingu ikawa nyeusi, radi ikaupasua mnazi wa jirani, na mvua ikamwagika mpaka asubuhi. Maji yalipita shambani kama mto, yakazoa udongo na mbegu pamoja. Akiba yetu ilikuwa darini juu ya meko. Makuti yaling'oka, mahindi yakalowa, yakaota ukungu.

Mama akasema ataenda kwa Mbodze. Huyu alikuwa mama wa Kiduruma, wa upande wa Kinango, aliyejuana naye sokoni Kwale.

Baba akatikisa kichwa. "Mama Mejumaa, redio ya dukani imesema mvua inanyesha nchi nzima, toka huku pwani mpaka ziwani. Kila mtu yumo shambani na mbegu yake. Nani atakupa?"

Mama alikuwa akijifunga leso. Akamwambia kwa upole, "Baba Mejumaa, mbona wamjibia mtu hujamuuliza?"

Kusema kweli moyo wangu ulikuwa upande wa baba. Kuomba kunatia haya, mwanangu, hasa ukiwa kijana.

Mkono mtupu haulambwi. Tulibeba nazi na ng'onda, wale samaki wakavu. Njia ilikuwa tope tupu. Tulilala Kwale kwa mama mdogo, na kesho yake jua likiwa kali tukamkuta Mbodze ameinama na jembe lake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatupeleka kivulini.

Mama hakuzunguka. "Dada, mvua imetuchukulia mbegu zote."

Mbodze alitupa uji kwanza, akangoja tumalize, ndipo akaingia ndani akatoka na kibuyu cha mbegu za mahindi.

"Mimi nimeshapanda," alisema. "Haya niliyaweka nipande tena pale yale ya shambani yatakapokufa."

"Basi dada, hayo ni yako," mama akasema, akaanza kuinuka.

"Keti. Tugawane. Huenda yasife mengi."

Akapima kwa kibaba, kimoja chake, kimoja chetu. Yaliyobaki mwisho, yasiyojaa kibaba, akayasukuma upande wetu. Kisha akatufungia na kunde kwenye kitambaa.

Tulipofika nyumbani, baba alikifungua kifurushi, akayachota mahindi mkononi, akayatazama kitambo. Alichukua jembe akatoka.

Mwaka ule hatukujaza dari, lakini hatukulala njaa. Kule kwa Mbodze mahindi yalikufa sehemu kubwa, kuliko alivyotarajia. Habari hizo zilipotufikia tulikuwa tumeanza kuvuna. Baba alijaza gunia la mahindi mapya, akalifunga mwenyewe, akalibeba mwenyewe mpaka Kinango. Aliporudi alisema tu, "Yule ni ndugu yetu." Na ndugu alikuwa, mpaka alipofariki. Undugu kufaana, si kufanana.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mwaka ukiharibika usikae ukihesabu milango ambayo hujaigonga. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nenda, sema shida yako kwa adabu na bila kuficha. Ukinyimwa, umenyimwa, na njia iko pale pale ya kurudia. Na siku utakapokuwa wewe mwenye kibuyu, mpe mgeni uji kabla hujafikiria la kumwambia. Tumbo likitulia, moyo huona mbali zaidi. Dhiki haidumu, wala mvua haijapata kuumaliza udongo wote.

Mola akujaalie mikono ya kupanda, na ya kupanda tena. Akupe majirani wema, nawe akufanye mwema kwao. Amina.