Shemeji Kafunga Shokomzoba Laini, na Mwanangu Ndiye wa Kupanda

Assalamu alaykum wasomaji wa ukurasa huu. Mimi ni mtu mzima wa miaka arobaini na saba, tumbo limetangulia na nywele zimebaki nyuma. Nina mke mmoja na watoto wanne, na ni dereva wa lori la abiria la huku Kengeja. Jina langu naomba lifichwe. Najua malori ya Pemba yanahesabika, lakini nyinyi mkinijua fanyeni hamkunijua. Kwa kawaida ni mtu wa kucheka. Juma hili sicheki. Nina hasira hata chai hainipiti.

Lori hili nina shirika na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye duka Mtambile. Msimu wa karafuu uliopita springi za nyuma zililala chini ya magunia mpaka matairi yakawa yanasuguana na bodi. Tukakubaliana tutie springi ngumu zaidi. Hapo hatukugombana. Zilipofungwa, lori likasimama juu kama beberu. Tatizo ni kwamba springi ngumu ukiibana inarudi kwa nguvu. Kazi ya shokomzoba ni kuishika isirushe. Springi ikizidi nguvu, na mshikaji wake azidi nguvu. Nikamwambia shemeji, "Tutafute shokomzoba nzito, za lori." Akasema, "Niachie mie."

Akenda mjini Chake, akarudi na shokomzoba za motokaa ndogo! Aliwahi kupewa lifti ndani ya gari la bwana mmoja mkubwa, akaona raha kama amekalia godoro la sufi. Kumuuliza, ananijibu mbele za watu:

"Shemeji, weye umeoa huelewi? Nyumbani mmoja akiwa mkali, mwengine awe mpole. Springi ngumu, shokomzoba laini. Hapo pana amani."

Watu wakacheka. Hata mie nilicheka, mjinga mie. Akazifunga, tena akazipaka rangi ya kijani ili kila anayeinama azione.

Safari ya kwanza nilipakia ndizi na akina mama watatu. Kila bonde nyuma kunaruka, kunashuka, kunaruka tena, hata bonde tumeshaliacha. Karibu na Mtambile nikasikia kishindo na ukelele. Bi Mize, jirani yetu, mama wa makamo, alirushwa kutoka kwenye benchi, kichwa kikagonga mbao ya juu, akaangukia mikungu ya ndizi. Aliposhuka amejishika kiuno, ananiambia, "Baba, hili gari au punda kaumwa na siafu?"

Shemeji alikuwa amekaa mbele, ubavuni kwangu. Mbele hakurushi. Akashangaa, "Mbona linakwenda kama maji?" Nikamwambia, "Basi kurudi panda nyuma." Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Mie nipande nyuma na ndizi?"

Haya yote ningeyameza. Lakini mwanangu wa kwanza ameolewa Wawi, na ana mimba yake ya kwanza, mwezi wa saba umeingia. Mnajua desturi: mimba ya kwanza mwana huja kujifungulia kwao. Na wa kwenda kumchukua ni mjomba wake, ndiye huyohuyo shemeji. Keshaalika watu. Keshanunua udi na halua. Anatangaza dukani kwake kwamba shokomzoba zile ni zawadi yake kwa mpwawe, ili aje kwa upole!

Nikasema basi mtoto akae mbele. Mama mkwe akaniuliza kama nimerogwa: mwana aletwe kwao amekaa kati ya wanaume, na bibi zake wanaomsindikiza wako nyuma? Atakaa nyuma, kwenye benchi, kanga zimetundikwa pembeni. Palepale aliporushwa Bi Mize.

Shokomzoba za lori nimeshazipata kwa fundi mmoja, ziko chini ya kitanda changu. Nikianza baada ya alfajiri, adhuhuri nimemaliza. Nikamwomba shemeji kwa adabu zote. Akanijibu, "Weye ni dereva, endesha. Mjomba ni mie. Ukizifungua zangu, hilo gari sitalipanda, na mtoto mtamchukua wenyewe, watu wa Wawi wajue kwamba hana mjomba." Nikamgeukia mke wangu, nikidhani mama mtu atanielewa. Akalia. "Ukizifungua, umemvua kaka yangu kanzu sokoni. Si uendeshe polepole tu?"

Polepole! Njia ya huku mnaijua. Mashimo hayaulizi mwendo. Na mie mzima mwenye kifua hiki nashindwa na vyuma viwili vya kijani kwa sababu vimefungwa na heshima!

Jana Bi Mize, kiuno bado kimefungwa kitambaa, alirudi kutoka Wawi, alikokwenda kumsalimia mwanangu. Alimweleza yaliyompata. Nikamuuliza, "Kasemaje?" Bi Mize akaninong'oneza ili mke wangu asisikie: "Kacheka. Kasema, mwambie baba wananitisha bure. Gari akishika yeye, mie napanda."

Wallahi tangu hapo sikulala. Hakusema mjomba. Kasema baba.

Jumapili ndiyo safari. Nikizifungua, nimevunja undugu, na mwanangu anatolewa kwa mumewe bila mjomba wake. Nikiziacha, nitakaa mbele kwenye kiti kisichorusha, shemeji ubavuni ananukia udi na kusifu mwendo, na mie nashika usukani huku masikio yote yako nyuma, kila shimo, nangoja kishindo.

Spana ziko mezani, naandika pembeni yake. Nyinyi mlio wazazi, na nyinyi mlio wajomba, nishaurini kabla ya Jumapili: nifanye nini?